Kamba ya Wengi

Watu husema umoja ni nguvu, nao wasema kweli. Lakini kweli hiyo ina nusu ya pili isiyotajwa sana: umoja pia ni maficho. Mtu aingiapo katika kundi hupata mabega ya wenziwe, na mara nyingi huyaegemea bila ya kujijua. Je, mwenye kuegemea hivyo ni mhaini?

Mfaransa Max Ringelmann, mtaalamu wa elimu ya ukulima, aliwapima watu wakivuta kamba. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kuwa watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa karibu nusu tu ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo yatokana na kutovuta kwa mpigo mmoja, lakini si wote. Mwaka 1974, huko Marekani, watu walifungwa kitambaa machoni wakaaminishwa kuwa nyuma yao wako wenzao wavutao. Wenzao hawakuvuta kitu. Nao wakapunguza nguvu kwa dhana tu! Kisha mwaka 1981 watu walitakiwa wapaze sauti wakiwa kundini, wakajulishwa kuwa sauti ya kila mmoja yapimwa mbali. Ulegevu ule ukatoweka.

Sasa tutazame nchi yetu. Huko bara, kando ya Mlima Elgon, katika nchi ya Kitale na Kwanza, palikuwa na mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wengi wao waliuza wakaenda zao. Wananchi wasioweza kununua mmoja mmoja walichanga fedha katika vyama vya ushirika na makampuni, wakanunua. Lau si kuchanga, wengi wao wasingalipata hata eka moja. Hapo umoja ulikuwa nguvu hasa.

Lakini kununua ni jambo moja, na kulima ni jingine. Mahindi ya shirika atayapalilia nani? Kila mwanachama akisema, "Wenzangu wapo," magugu hayaulizi idadi ya wanachama. Mengi ya mashamba hayo baadaye yaligawanywa, kila mtu akapewa sehemu yake. Na wako waliokaa miaka mingi wakingojea hati zao.

Wakulima wa kale waliijua dawa. Majirani waitanapo kulimiana, kila mmoja hupimiwa ngwe yake. Konde ni moja na nyimbo ni moja, lakini ngwe isiyomalizwa yaonekana na kila jicho. Kipimo hicho hakikuvunja udugu, bali ndicho kilichoulinda, kwa kuwa hakuna kinachoua moyo wa mtu mwenye bidii kama kujua kwamba jasho lake na uvivu wa jirani yake vyahesabiwa sawa.

Sisi watu wa miji ya pwani twaona haya katika jambo hili. Mtu akiuliza hesabu ya chama, ya madrasa au ya mchango wa mazishi, huambiwa, "Kwani watushuku?" Hili ni kosa. Sheria yetu imeamuru deni liandikwe, wala haikuwavua wenye kuandikiana udugu wao. Kuuliza si kushuku. Na mweka hazina aliye mwaminifu, asipoulizwa, hudhulumiwa, kwani uaminifu wake hauna shahidi.

Basi jawabu letu ni hili. Anayelegeza kamba bila ya kujijua si mhaini. Huyo ni binadamu, na dawa yake si matusi, ni kupimiwa ngwe. Lakini aliyekwisha kujua, kisha akakataa kupimwa, huyo amechagua maficho, na hapo ndipo khiyana ianzapo.

Bandu bandu huisha gogo. Ewe ndugu, kabla hujauliza chama chako kimefanya nini, itazame kwanza ngwe yako, kisha uwaite wenzako waitazame.