Kiti cha Bibi

Hivi, ndugu msomaji, ziwa ni la nani?

Bibi yangu anakaa jirani na Mbamba Bay. Alijenga pale miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowaambia watu wasogee wakae pamoja. Akasogea. Mwaka 2004 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na kifungu cha 57 kikakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mjomba akapima kwa kamba ya wavu. Mita 60 zikaishia katikati ya sebule.

“Kumbe kitanda changu hakina neno,” bibi akasema, “kiti ndicho chenye makosa.”

Tulicheka, lakini si sana.

Mimi sheria siikatai. Samaki huzaliana kwenye matete. Tukiyafyeka tutakula ugali mtupu, hata ninyi wa Mbinga mjini mnaosubiri dagaa wa Nyasa sokoni. Ila kuna jambo linanikera. Kwa wenye nyumba za ghorofa, Dar es Salaam na kwingineko, ipo sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo. Chumba ni chako, ngazi na paa ni vya wote, na kila mmoja anachangia matunzo kwa kadiri ya sehemu yake. Haki kabisa.

Sasa ziwa si ndiyo ngazi yetu sote? Mbona mchango mzima adaiwe bibi, kwa sebule yake? Sisi wa mbali na maji tumetoa nini?