Kukimbia, Kupigana na Kupona: Kung Fu kwa Kijana wa Kiislamu



Ndugu wengi hapa chuoni wanajua kwamba baada ya swala ya Alfajiri huwa nafanya mazoezi ya kung fu uwanjani. Wanajua pia kuwa nimetoka Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Kwa hiyo swali lao huwa moja: "Shekhe, hayo mateke yatakusaidia nini mbele ya bunduki?" Wengine huongeza la pili: mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu anatafuta nini katika mambo ya watawa wa Kibudha? Yote mawili ni maswali ya haki. Naanza na la pili, kwa sababu jibu lake ni jepesi. La kwanza limenisumbua mimi mwenyewe kwa muda mrefu.

Je, ni mali ya Mabudha?

Sinema zimetuzoesha kuona kung fu kuwa ni ya hekalu la Shaolin tu. Lakini Wahui, yaani Waislamu wa China wanaozungumza Kichina, wana mitindo yao waliyorithishana kwa vizazi, mara nyingi katika nyua za misikiti. Miongoni mwake ni ule uitwao chaquan, na mazoezi ya mateke yaitwayo tan tui, yenye mistari 10. Mmoja wa mabingwa wao ni Wang Ziping, aliyezaliwa Cangzhou mwaka 1881. Chuo cha taifa cha sanaa za mapigano kilipofunguliwa Nanjing mwaka 1928, idara ya Shaolin alikabidhiwa yeye, Mwislamu. Watu wa Shanghai walimjua vilevile kama tabibu wa mifupa, wa kutibu waliovunjika na walioteguka, na aliandaa mazoezi 20 ya kulinda afya. Alifariki mwaka 1973. Binti yake, Wang Jurong, aliifundisha sanaa hiyo chuo kikuu.

Na hata kama hapangekuwa na Mwislamu hata mmoja katika sanaa hii, kanuni ya kuipima tunayo. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Masahaba walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu visomo vya tiba walivyokuwa wakivitumia zama za Jahiliya. Hakuvifuta vyote kwa mpigo. Aliwataka wamwonyeshe, akaruhusu visivyo na shirki ndani yake. Nami nimepima kwa mizani hiyo hiyo. Kuinamia picha ya mwasisi wa mtindo: hapana. Salamu ya kusimama wima, ngumi ya kulia ikigusa kiganja cha kushoto: hiyo ni adabu tu, haina rukuu. Mwalimu akisema "chi" na kukusudia pumzi na joto la mwili, sina ugomvi naye. Akikusudia nguvu inayoendesha majaaliwa ya mtu, neno hilo naliacha mlangoni pamoja na viatu.

Mbele ya bunduki

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Wenyeji wakawaita al-Shabab, ingawa si lile kundi la Somalia. Tarehe 24 Machi 2021 ikafika zamu ya Palma. Watu walikimbilia porini, wengine Quitunda, wengine Nangade na Mueda, na wengine wakapanda mashua hadi Pemba, wakashushwa ufukweni Paquitequete. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokimbia.

Siku ile hakuna teke ambalo lingezuia risasi. Mwalimu anayekuambia vinginevyo anakudanganya, naye ni wa kukimbiwa pia. China yenyewe ilijifunza hilo mwaka 1900, pale waasi walioitwa Mabondia walipoamini kuwa mazoezi na ibada zao zitawakinga na risasi za wageni. Miaka 5 baadaye, ng'ambo ya Ruvuma, watu wa kusini mwa Tanganyika waliingia vita vya Maji Maji wakiamini kuwa risasi zitageuka maji. Waliokufa pande zote mbili walikuwa mashujaa. Ila ushujaa wao uliegemezwa kwenye uongo.

Basi kama hatuwezi kuwazuia wenye bunduki, tunafundishana nini? Jibu sikulipata uwanjani kwanza. Nililipata darasani, tulipofika mlango wa as-siyaal, yaani kumzuia mshambuliaji, katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu cha madhehebu ya Shafii ambayo watu wa pwani yetu wengi wanayafuata. Mwanachuoni huyo, aliyefariki mwaka 1277, anapanga hatua za kujilinda kama ngazi. Mshambuliaji azuiwe kwa jambo jepesi kuliko yote litakalotosha. Yakitosha maneno au kuita msaada, kumpiga ni haramu. Ukitosha mkono, mjeledi ni haramu. Ukitosha mjeledi, fimbo ni haramu. Kisha anafika kwenye kukimbia: anayeweza kuokoka kwa kukimbia, kauli inayotegemewa ni kuwa kukimbia ni wajibu kwake, na kupigana kunakuwa haramu.

Niliusoma ukurasa ule mara tatu. Sisi tuliotoka Palma tunabeba aibu ambayo hatuisemi. Mwanamume aliyekimbia akaacha nyumba, mashua na nyavu hutazamwa na hata mdogo wake kama mtu aliyepungua. Mtu hufanyiwa utani harusini kuhusu mbio zake, naye hucheka, lakini usiku halali. Kumbe Shafii wetu tunayedai kumfuata ana wanachuoni waliokwisha kumtetea kwa zaidi ya miaka 700.

Tusiifanye hukumu hii kuwa nyepesi. Wanachuoni wamesema pia kuwa heshima ya mwanamke ni wajibu kuilinda, na mwenye watu dhaifu mikononi mwake hesabu yake si ya mtu aliye peke yake. Jirani yetu mmoja alirudi kumchukua mama yake asiyeweza kutembea, na hakutoka tena. Huyo hakufanya upumbavu, na sisi tuliokuwa na nafasi ya kukimbia tukakimbia hatukufanya woga. Kila mmoja alikuwa amesimama mahali pake katika sheria. Kinachotakiwa ni moyo uliotulia kiasi cha kujua, katika sekunde chache, uko mahali gani. Utulivu huo hauji siku ya tukio. Unafanyiwa mazoezi kabla.

Mwili nao una haki yake

Hapa ndipo kung fu iliponifaa. Somo langu la kwanza halikuwa ngumi. Lilikuwa kurudi nyuma bila kuanguka. La pili lilikuwa mkao wa farasi: miguu wazi, magoti yamekunjwa, mgongo wima, pumzi ndefu inayoteremka hadi tumboni. Baada ya dakika mbili mapaja yanawaka moto na mwili wote unadai kuondoka. Unaambiwa: vuta pumzi, kaa hapo hapo, hakuna anayekufukuza.

Kwa mtu ambaye mlango ukibamizwa tu anaruka kitandani, maneno hayo ni dawa. Polepole mwili wangu ulianza kutofautisha hofu na hatari. Hofu inaweza kuwapo hali hatari haipo, na mtu akasimama nayo mpaka ipite. Baada ya miezi kadhaa niliona tofauti hata katika swala: nilikuwa nasujudu bila kusikiliza nyuma yangu.

Yupo atakayesema Qur'ani na dhikri zinatosha. Hakuna Mwislamu anayepinga kuwa ndani yake mna shifaa. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na amefundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Mwili ni amana, na amana iliyovunjika hutengenezwa. Aliyeumia zaidi, asiyekula wala kulala kabisa, aende hospitali. Mazoezi ya uwanjani hayachukui nafasi ya daktari.

Hatari iliyomo

Sifa hizi zisitufumbe macho. Kung fu inafundisha kuumiza, na kijana anaweza kuja akiwa na jina la adui moyoni. Waliowaandikisha vijana wetu hawakuanza na bunduki. Naamini walianza na aibu na hasira walizozikuta, wakaahidi kumfanya mnyonge kuwa mtu wa kuogopwa. Ikiwa mazoezi yetu nayo yanaahidi hivyo hivyo, tumefungua tawi lao bila kujua. Kwa hiyo yafanyike hadharani, jirani na msikiti, wazee wakitazama. Kule kwetu kijana anayejifunza kupigana vichakani hushukiwa na askari na majirani, na wana sababu. Dada zetu, ambao wengi wao ndio walioteseka zaidi, wafundishwe na wanawake wenzao. Historia ya Wang Jurong inaonyesha kuwa si jambo geni.

Na kipimo kibaki kile cha Mtume wetu (s.a.w.). Yeye mwenyewe alishindana mieleka na Rukana, mtu mwenye nguvu, akamwangusha. Juu ya hivyo, alipowaeleza Masahaba mwenye nguvu ni nani, hakumtaja anayewaangusha wenzake. Alimtaja anayejimiliki wakati wa hasira. Kijana anayetoka uwanjani akiwa mwepesi wa kusamehe kuliko alivyoingia, mazoezi yake yamemfaa. Anayetoka akitafuta wa kumjaribia, ayaache leo.

Allah awarehemu waliokufa Cabo Delgado, awarejeshe waliotawanyika, na atujaalie nguvu inayomtii Yeye. Aamin. Wallahu a'lam.