Wino Haujakauka, Anaomba Kuhamishwa

Wale mnaokesha kufuatilia NBA mnaikumbuka Juni 2022. Kevin Durant aliwaomba Brooklyn Nets wamhamishe. Agosti 2021 alikuwa amesaini nao nyongeza ya miaka minne, na miaka hiyo ilikuwa hata haijaanza kuhesabika! Wengi walisema huyu ni msaliti. Wengine wakajibu: mbona timu nazo zinawahamisha wachezaji bila kuwauliza?

Jibu hilo lina uzito, tusilipuuze. Mwaka 2017 Los Angeles Clippers walimbembeleza Blake Griffin abaki, wakafikia hata kumwigizia sherehe ya kuitundika jezi yake juu ya uwanja, kama mtu atakayestaafia palepale. Akasaini miaka mitano. Januari 2018 akapelekwa Detroit. Kisheria hawakukosea kitu, maana mkataba wa kawaida wa NBA unairuhusu timu kumhamisha mchezaji, na mchezaji anasaini akilijua hilo. Lakini ile jezi waliyoitundika ilikuwa neno. Mtu anaweza kuheshimu kila kifungu cha mkataba na bado akavunja neno lake.

Ila ubaya wa Clippers kwa Griffin haufuti ahadi ya Durant kwa Nets. Hapo ndipo hoja ya "mbona nao" inaponikwama kooni.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Seneca, anafundisha kwamba aliyeahidi kwa moyo mnyofu si mwongo akishindwa kutimiza kwa sababu hali imebadilika. Sawa, lakini hali gani? Kama kila kufungwa ni "hali imebadilika", basi hakuna ahadi tena, yaani kuna mhemko tu wenye saini chini yake. Na jamani, mkataba mrefu mchezaji anautaka kwa nini? Ili alipwe hata goti likiharibika. Timu imekubali kubeba hatari ya mwili wake. Na yeye, kwa saini hiyohiyo, amekubali kubeba hatari ya misimu mibovu ya timu. Kuchukua ulinzi na kuukataa mzigo, hilo silioni likikaa vizuri mahali popote.

Hata hivyo kuomba si kuvunja. Nets hawakumhamisha Durant wakati ule. Agosti 2022 walikubaliana kuendelea pamoja, akacheza, na Februari 2023 ndipo akaenda Phoenix Suns. Kinachonisumbua zaidi ni kulazimisha. NBA yenyewe inatenganisha mambo haya: Januari 2019 Anthony Davis alitozwa faini ya dola 50,000 si kwa kutaka kuondoka, bali kwa sababu wakala wake alilitangaza ombi hilo hadharani. Kisha mwaka 2021 Ben Simmons, akiwa amebakiza miaka minne, hakutokea kambi ya Philadelphia 76ers ilipofunguliwa. (Baadaye alieleza kwamba afya yake ya akili haikuwa sawa, na hilo sitalihukumu kutoka kwenye kiti changu.)

Namsema yule anayegoma akiwa mzima, ili tu ahamishwe. Eti anamkomoa bilionea! Bilionea atapata mchezaji mwingine. Lakini mwisho wa benchi amekaa kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja, asiye na ubavu wa kumwomba yeyote chochote, na msimu wake unaharibika akiwa hajamkosea mtu.