Anayeiona Timu Nzima

Golikipa husimama nyuma ya wote. Wenzake wanakimbia, yeye anatazama. Wenzake wanauona mpira, yeye anaiona timu nzima. Msikilizaji wa Kisangani, ndivyo ilivyo katika mtumbwi unaovuka mto kwenda Lubunga: mwenye kasia la nyuma ndiye anayewaona wapiga kasia wote, na ndiye anayeshika njia.

James Siang'a wa Kenya alikuwa golikipa. Alilinda lango la taifa lake kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, mwaka 1972. Baadaye akawa kocha. Mwaka 2003 aliiongoza klabu ya Simba ya Dar es Salaam dhidi ya Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika. Marudiano yalichezwa Kairo. Yakafika kwenye penalti. Langoni mwa Simba alisimama Juma Kaseja, akapangua mikwaju. Mabingwa wakatoka. Simba ikaingia hatua ya makundi.

Jicho la kocha Siang'a lilianzia golini. Anayefanya kazi nyuma ya wengine leo, sokoni, bandarini au ofisini, na atazame vizuri. Kutazama vizuri ndiko kujifunza kuongoza.