Jirani Yetu ni Nani Katika Soko la Dunia?



Siku hizi neno utandawazi limo midomoni mwa watu, wazee kwa vijana. Wengine hulisifu, wengine hulilaani. Yafaa sisi Wakristo tulipime polepole, maana jambo lenyewe si geni kwetu. Meli ya Chauncy Maples ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikashushwa katika Ziwa Nyasa mwaka 1901 ili kuwahudumia wagonjwa na wanafunzi wa pwani hii. Arkidikoni Johnson alitoka mbali akazeeka kati yetu, na mwaka 1928 akazikwa Liuli. Hata ualimu tulioufanya sisi wastaafu una mizizi yake huko.

Faida nyingine ni kahawa. Mbuni haukuota wenyewe Umatengo, uliletwa. Lakini kwa kahawa watu wa Mbinga wameezeka bati na kusomesha watoto. Leo barabara ya lami inashuka hadi Mbamba Bay, na mkulima aweza kuuliza bei kwa simu akiwa shambani.

Hasara nazo zipo. Bei ya kahawa yetu haipangwi Mbinga wala Dodoma. Hufuata soko la New York. Mwaka 1989 mapatano ya dunia yaliyoweka kiasi ambacho kila nchi iuze yalivunjika, bei ikaanguka. Mwaka 2001 ikaanguka tena vibaya. Mkulima aliyepalilia na kuchuma kama kawaida yake alipata kidogo, pasipo kosa lolote.

Lakini liko jambo ambalo hatuna budi kulikiri sisi wenyewe. Mwaka 1994 jalidi iliunguza mibuni ya Brazili, na bei ikapanda duniani kote. Mwaka 2021 ikaunguza tena, bei ikapanda tena. Sisi tulifanya nini? Tulifurahi. Tulileta sadaka ya shukrani madhabahuni. Wachache sana kati yetu waliuliza bei hiyo nzuri imetoka wapi. Sehemu yake ilitoka katika shamba la mkulima mwenzetu, aliyeamka asubuhi akakuta majani ya mibuni yake yamekauka.

Je, tulikosa? Mtu atasema: jalidi hatukuileta sisi, nasi tuna watoto wa kulisha. Ni kweli, na kupokea bei nzuri si dhambi. Lakini twamlaumu mnywaji wa kahawa huko London kwamba hatujui wala hatujali. Nasi je, twamjua nani huko Brazili? Tukitaka wengine wahuzunike bei inapotuangusha, haki yatudai nasi tuhuzunike msiba wao unapotuinua. Yule Msamaria hakuwa na undugu na mtu aliyelala njiani, alimwona, akasimama. Utandawazi umetupa soko moja. Moyo mmoja haukutupa, na hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwetu.

Basi tufanye nini? Wazee wa Kimatengo hawakujaribu kuzuia mvua. Walichimba ngoro mteremkoni ili maji yatulie na udongo usichukuliwe. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mahindi, maharage na muhogo vitangulie, ili bei ikianguka watoto wasilale njaa. Tuuze pamoja katika chama cha ushirika, na hesabu zake tuzikague kwa macho yetu wenyewe. Na siku ya mavuno tumshukuru Mungu kwa mazao, wala si kwa hasara ya mwingine. Na katika maombi yetu tuwataje wakulima wa Brazili pamoja na wa Mbinga.

Sala hiyo haitapandisha bei hata senti moja. Lakini itatukumbusha kwamba upande wa pili wa kila bei yuko mtu, naye ni jirani yetu.