Anayesafisha Baada ya Msafishaji

Watu hapa Songea hucheka wakisikia nafuga samaki wa baharini. Bahari iko Mtwara, na maji ya tangi langu la kioo yalikuja kwa madumu, nyuma ya lori la korosho. Wacha wacheke, kila mtu ana wazimu wake.

Wiki ya tatu kioo kikaota utando wa kijani. Nikaagiza konokono wa baharini na vile vikaa vinavyoishi ndani ya makombe matupu. Kioo kikang'aa. Nikajiona bwana mkubwa mwenye vibarua wasiodai mshahara.

Halafu nikaviona vinyesi mchangani, vyeusi, kama punje za ulezi. Kumbe konokono haondoi uchafu. Anaula, anabaki na kidogo mwilini, kilichobaki anakiacha nyuma yake. Kikioza kinatoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo sumu, kisha nitrati, ambayo ina nafuu. Kwenye tangi jipya bakteria hao bado ni wachache, huchukua wiki kadhaa kuzaana wakatosha. Na hata wakitosha, nitrati inabaki humo humo majini. Inabidi uchote maji, utie mengine.

Sasa yale uliyochota unayapeleka wapi?

Mimi nilimwambia dada wa kazi, "Kamwage huko nyuma." Kila Jumamosi, ndoo moja. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na huko nyuma ni kwenye mchicha wa mama jirani.

Alikuja mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mchicha wangu umekauka wote. Mnamwaga nini kule?"

Nusura nimtaje dada. Mdomo ulishafunguka.

Miaka ya 1890 kunguru waliletwa Zanzibar kutoka India ili wapunguze taka za mji. Wakazila. Wakala na mayai na makinda ya ndege wa kienyeji, na vifaranga vya watu, wakaenea mpaka Dar es Salaam. Leo tunamlaani kunguru. Aliyetaka mji msafi bila kushika taka kwa mkono wake, huyo hatumtaji.

Ningeweza kumwambia mama kwamba sikujua, na ingekuwa kweli. Ila nilikuwa nimejipangia nisijue: konokono chini mchangani, dada nyuma ya nyumba, mimi kwenye kiti mbele ya kioo.

Nikamwambia ni mimi. Hela ya mchicha alipokea, lakini hela haitoi chumvi kwenye udongo, anasubiri mvua. Dada nilimwomba radhi baadaye, naye akashangaa namwomba radhi ya nini.

Siku hizi ndoo naibeba mwenyewe hadi kwenye jaba barazani. Limejaa. Nimempigia yule dereva wa lori, nikamuuliza kama atakubali kunirudishia maji Mtwara. Alicheka mpaka akakohoa: tangu lini watu wanapeleka maji baharini? Kisha akataja bei.