*RAMADHANI 17: TUTEMBEE NA WA MWISHO*



Mlima Meru tunauona kila tukitoka msikitini alfajiri, lakini kuutazama hasa, wachache. Na katika Surat Al-Ghashiya Mwenyezi Mungu anatuita tuitazame milima namna ilivyosimamishwa. Basi leo tuutazame.

Ni mlima wa volkano, na mara ya mwisho kulipuka ilikuwa 1910. Ukiupanda kutoka Momella unapita msituni, kwenye mtini mkubwa ambao mizizi yake imefanya lango, hata gari linapita. Juu yake kuna mitarakwa yenye ndevu za kijivu matawini. Kisha miti inapungua kimo, vinabaki vichaka, mwishowe majivu na mawe. Kila mmea Allah kaupa mahali pake. Kichaka cha kule juu si mti ulioshindwa.

Mwaka mmoja nilipanda na vijana wa madrasa. Mmoja akabaki nyuma, anahema. Nikamkemea mbele ya wenzake: "Wewe ndiye unayetuchelewesha!" Akainamisha kichwa. Askari wa hifadhi, bunduki begani, akaniambia taratibu: "Ustadh, humu kuna nyati. Hatuachani. Mwendo wetu ni wa yule wa mwisho." Tukamweka kijana mbele, na kibanda cha Miriakamba tukafika sote. Usiku ule nilimwomba radhi.

Sasa tazameni safu zetu za tarawehe. Siku za mwanzo tulijaa hadi barazani. Jana je? Yuko ndugu aliyekula mchana bila udhuru, sasa anaona haya kurudi. Njaa haiogopi, anaogopa ndimi zetu. Juzi mmoja alirudi, nikasikia mtu anamwambia, "Leo umepotea njia?" Jana hakuja.

Kazi ya leo: baada ya kufuturu, mpigie mmoja uliyemkosa safuni. Usimuulize alikuwa wapi. Mwambie tu, "Nimekuwekea nafasi pembeni yangu."

Na wewe unayesoma hapa ukijijua ni wewe: tubu kwa Mola wako, siku ulizokula utazilipa baada ya Idi. Usiku huu amka ule daku, utie nia. Zimebaki siku nyingi kuliko unavyodhani.

Ewe Mola, tufikishe sote, wa mbele na wa nyuma. Aamin.

Tukutane Isha, in shaa Allah.